Kimya cha Programu ya Kutafuta

Machi 2023 watunzaji wa GNU grep, programu ya kutafuta maandishi kwa mstari wa amri ambayo imo karibu katika kila kompyuta ya Linux, walitoa toleo 3.9. Ndani yake mlikuwa na rekebisho la haki kabisa. Waliotumia kiteuzi -P, kinachoifanya grep isome ruwaza kwa kanuni za lugha ya Perl, walikuwa wakipata majibu pungufu kila maandishi yalipokuwa na herufi zisizo za Kiingereza. Katika neno Perú, ú haikuhesabiwa kuwa herufi. Programu iliona neno limekwisha kwenye r. Tiba ilikuwa kuiagiza maktaba ya PCRE2, ambayo ndiyo inayoifanya kazi ya -P kwa ndani, ifuate orodha ya herufi ya Unikodi badala ya ile fupi ya ASCII.

Perú ikapona, na kitu kingine kikaumia. Alama \d, inayosimama mahali pa tarakimu yoyote, nayo ilianza kufuata Unikodi, kwa hiyo ikazikubali pia tarakimu za Kiarabu: ٠١٢٣٤٥٦٧٨٩. Kwa msomaji wa Mombasa au Muscat hilo laweza kuonekana jambo jema, kwa kuwa hizo ni tarakimu kweli. Lakini hati nyingi za amri duniani zimeandikwa na watu walioitumia \d kuhakikisha kwamba kilichoingia ni 0 hadi 9 na si kingine, kisha wakakipeleka kwenye programu nyingine isiyojua tarakimu za aina nyingine. Mwezi huohuo wa Machi likatoka toleo 3.10. Safari hii grep ilipitia ruwaza kabla ya kuikabidhi kwa maktaba, na kila ilipoiona \d iliiondoa na kuweka [0-9].

Tatizo ni kwamba watu huandika \d ndani ya mabano ya mraba vilevile. Ruwaza [\d] ikageuka [[0-9]], ambayo kwa kanuni za ruwaza ina maana nyingine kabisa: alama ya kufungua mabano au tarakimu moja, ikifuatwa na alama ya kufunga mabano. Aliyetafuta tarakimu kwa njia hiyo hakupata kitu. Mei 2023 likaja toleo 3.11, na watunzaji wakafanya jambo ambalo naliona la kiungwana kuliko yote katika kisa hiki: walirudi nyuma. Ruwaza [\d] ikafanya kazi tena, lakini kwa gharama ya kuzirudisha \w (alama ya herufi ya neno) na \b (alama ya mpaka wa neno) kwenye herufi za ASCII peke yake. Perú ikarudi ilikokuwa kabla ya Machi. Dawa yenyewe ilikuwa nje ya uwezo wao. Ilibidi PCRE2 iongezewe swichi ya kuitenga \d na alama nyingine, na swichi hiyo ilikuja na toleo 10.43 la maktaba hiyo, Februari 2024.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu kinabeba karibu kila kinachofanya hitilafu ya programu ya kutafuta kuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Matoleo matatu yalitoka katika muda wa miezi mitatu hivi, yote yakitengenezwa na watu wanaoijua programu yao kwa ndani, na hakuna hata mmoja aliyezembea. Ugumu haukuwa katika kuandika msimbo. Ulikuwa katika swali linalotangulia msimbo: programu hii imemwahidi nani nini?

Programu nyingi zikikosea, hupiga kelele. Ukurasa haufunguki, malipo yanakataliwa, seva inaanguka. Tarehe 2 Julai 2019 ruwaza moja iliyoandikwa vibaya katika mitambo ya Cloudflare ilizimaliza nguvu za kompyuta za kampuni hiyo na kuangusha tovuti nyingi kwa dakika 27. Ilikuwa hitilafu kubwa, lakini kila mtu aliiona, chanzo chake kilipatikana, na kampuni ikaeleza hadharani hatua kwa hatua kilichotokea. Programu ya kutafuta hukosea kwa namna nyingine. Kosa lake baya ni kutosema kitu, na kutosema kitu ni mojawapo ya majibu yake halali. Grep ikipata mstari hurudisha alama ya 0, isipopata hurudisha 1, na ikikwama hurudisha 2. Mstari ukiwepo nayo ikaukosa kwa sababu ya hitilafu, hurudisha 1 ileile ambayo ingeirudisha kama mstari usingekuwepo. Aliyeuliza hana namna ya kutofautisha, na mara nyingi aliyeuliza si mtu. Ni hati ya amri iliyopangwa kuendeshwa saa nane za usiku, ikiuliza kama katika kumbukumbu za seva kuna neno fulani la hatari. Ikijibiwa kwamba halipo, inaendelea na kazi zake.

Hii ndiyo sababu hitilafu za kukosa hukaa miaka bila kuripotiwa, huku hitilafu za kuanguka zikiripotiwa siku ileile. Nadhani pia inaeleza kwa nini anayetengeneza programu za kutafuta lazima awe na shaka kuliko waandishi wengine wa programu. Anayeandika mchezo wa simu hutazama skrini akajua kama umeharibika. Anayeandika grep hutazama skrini tupu na kujiuliza kama utupu huo ni wa kweli.

Mwanzo wa programu yenyewe haukuwa na mashaka hayo. Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, alichapisha mwaka 1968 njia ya kugeuza ruwaza kuwa mashine ndogo ya hali, inayosoma maandishi herufi moja baada ya nyingine bila kurudi nyuma. Miaka michache baadaye mwenzake Lee McMahon alitaka kuzichambua Federalist Papers, makala za kisiasa za Marekani za karne ya 18, lakini maandishi yalikuwa makubwa mno kwa kihariri cha ed. Thompson akaitoa kazi ya kutafuta nje ya kihariri, na jina likabaki kama amri ilivyoandikwa mle ndani: g/re/p, yaani pita faili zima, tafuta ruwaza, chapa mistari iliyoipata. Ilitoka na Unix toleo la 4 mwaka 1973. Herufi moja ilikuwa baiti moja, na maandishi yalikuwa Kiingereza.

Toleo la GNU, ambalo wengi wetu ndilo tunaloliendesha, liliandikwa na Mike Haertel mwaka 1988, na sifa yake ya kwanza ilikuwa kasi. Mwaka 2010 Haertel mwenyewe alieleza siri ya kasi hiyo, nayo ni ya kuvutia: programu inajitahidi kutofanya kazi. Haigawi faili kwa mistari mpaka ipate kitu. Wala haisomi kila baiti. Kwa njia ya Boyer na Moore ya mwaka 1977, inatazama kwanza baiti ambayo ingekuwa ya mwisho ya neno linalotafutwa, na isipofaa inaruka mbele hatua nzima. Neno linavyokuwa refu ndivyo inavyoruka mbali.

Hapa ndipo hitilafu nyingi zinapozaliwa. Grep ya leo ina tabaka tatu za utafutaji, kama chekeche zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ya juu, katika faili la msimbo linaloitwa kwset.c, hutafuta vipande vya maneno vilivyo wazi ndani ya ruwaza. Ya pili, dfa.c, huendesha mashine ya hali. Ya tatu, mtambo kamili wa ruwaza wa maktaba ya mfumo, ndiyo polepole kuliko zote, na huitwa tu pale ambapo zile mbili haziwezi kuamua, kwa mfano ruwaza inaposema kurudiwe kile kilichopatikana mwanzo. Tabaka ya juu ikimwaga kitu ambacho ya tatu ingekikubali, hakuna anayejua, maana ya tatu haikuulizwa. Ndivyo kasi na usahihi vinavyogombana, na ugomvi wenyewe ni wa kimya.

Wakati mwingine tabaka hizo hukosea kwa kelele, na afadhali. Hitilafu ya usalama iliyoandikishwa kwa namba CVE-2015-1345 ilikuwa katika kwset.c: matoleo 2.19 hadi 2.21, yakiendeshwa kwa kiteuzi -F, yaliweza kusoma nje ya mipaka ya kumbukumbu na kuanguka. Nyingine, CVE-2012-5667, ilihusu mistari mirefu kupita kiasi katika matoleo yaliyotangulia 2.11, mirefu kuliko namba ambayo kihesabio cha programu kiliweza kuibeba. Marekebisho ya aina hii ni mepesi kuyakubali. Hakuna mtu duniani anayeitegemea programu ianguke.

Mengine si mepesi. Chukua Kituruki. Lugha hiyo ina i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, na kila moja ina herufi kubwa yake. İ kubwa yenye nukta huchukua baiti mbili katika usimbaji wa UTF-8, lakini i ndogo yake huchukua moja. Anayetafuta kwa -i, yaani bila kujali herufi kubwa na ndogo, alihudumiwa na grep kwa njia iliyoonekana ya akili: nakala ya mstari ilibadilishwa yote kuwa herufi ndogo, utafutaji ukafanyika katika nakala, kisha mstari wa asili ukachapwa kwa kutumia vipimo vilivyotoka katika nakala. Kwa Kiingereza nakala na asili vina urefu sawa. Kwa Kituruki havina. Mstari wenye İ ulitoka umekatwa mwishoni, na katika hali iliyo kinyume chake, ambapo herufi ndogo ndiyo ndefu, mstari ungeweza kutoka na takataka nyuma yake. Hitilafu hiyo ilirekebishwa mwanzoni mwa muongo wa 2010. Msimbo uliokosea haukuwa na kasoro ya hesabu. Ulikuwa na dhana ndani yake, kwamba kubadilisha umbo la herufi hakubadilishi urefu wake, na dhana hiyo iliandikwa na watu ambao lugha yao haikuwahi kuikanusha.

Kutoka hapo swali linapanuka: maandishi ni nini hasa? Toleo 2.21 la mwaka 2014 liliamua kwamba faili lenye baiti zisizokubalika katika usimbaji wa mfumo lihesabiwe kuwa faili la mashine, si la maandishi, na badala ya mistari mtumiaji apewe taarifa tu kwamba faili hilo lina kilichotafutwa. Kulikuwa na sababu nzuri. Baiti za ovyo zikimwagwa kwenye terminali zinaweza kuivuruga, au hata kubeba amri zilizofichwa. Lakini watu waliokuwa na mafaili ya zamani, yaliyohifadhiwa kwa usimbaji wa miaka ya 1990, walikuta mistari yao haionekani tena. Toleo 2.23 likalegeza kamba: taarifa hiyo sasa hutoka mara nyingi pale tu mstari wenyewe unaotakiwa kuchapwa unapokuwa na baiti mbovu, au faili linapokuwa na baiti ya sifuri. Hata hivyo ikishatoka, mistari inayofuata haichapwi.

Kwa hiyo rekebisho zuri linaanzia wapi? Linaanza na mfano mdogo. Ripoti inayosema grep haipati neno katika mafaili yangu haimsaidii mtu. Ripoti inayoleta mstari mmoja, ruwaza moja, namba ya toleo na mpangilio wa lugha wa mfumo inakaribia kuwa nusu ya kazi. Katika matangazo ya toleo 3.12 kuna mfano ambao kila mwanafunzi wa programu angeutazama: tengeneza folda, weka ndani yake mafaili 100,000 matupu, tafuta herufi x. Toleo 3.11 lilishindwa na kurudisha 2, ilhali jibu sahihi ni 1. Mtu yeyote, mahali popote, anaweza kulirudia jaribio hilo kwa amri moja na kuona jambo lilelile.

Mfano ukishapatikana, historia ya msimbo huulizwa. Chombo cha git kina amri ya bisect, inayogawa historia katikati tena na tena mpaka ibaki badiliko moja. Mabadiliko 1,000 hayahitaji zaidi ya majaribio kumi hivi. Ndiyo maana matangazo ya grep husema hitilafu iliingia katika toleo gani, na naipenda sana desturi hiyo: inamwambia mtumiaji ni majibu yake yapi ya zamani anayopaswa kuyatilia shaka. Mfano huohuo kisha huandikwa kama jaribio la kudumu katika folda ya majaribio, na mtunzaji makini huliendesha kwanza kwenye msimbo mbovu ahakikishe kwamba linashindwa. Jaribio linalofaulu kabla ya rekebisho na baada yake halipimi chochote.

Wenye busara zaidi hulinganisha tabaka: ruwaza ileile inapewa njia ya haraka na njia ya polepole, na majibu yakitofautiana, mojawapo inakosea hata kama hakuna binadamu aliyelalamika. Kwa hitilafu za kimya sioni dawa nyingine inayoshinda hiyo, na ningependa ifundishwe vyuoni kabla ya lugha yoyote ya programu. Kisha kuna suala la majirani. Faili la dfa.c halitumiwi na grep peke yake. Linatunzwa katika mkusanyo wa Gnulib na kutumiwa na gawk pia, kwa hiyo anayelirekebisha kwa ajili ya utafutaji anawagusa watu wanaochakata majedwali.

Halafu kuna mabadiliko ambayo hakuna jaribio linaloweza kuyaamua. Septemba 2022 toleo 3.8 lilianza kutoa onyo kila mtu alipotumia egrep au fgrep, majina ya zamani yaliyokwisha kutangazwa kupitwa na wakati tangu 2007. Watunzaji waliona wanasafisha nyumba. Waliokuwa na hati za amri za miaka ishirini waliona maonyo mapya yakijitokeza katika kazi ambazo hazikuwa na kosa. Nadhani watunzaji walikuwa na haki ya kisheria na hawakuwa na haja. Tabia iliyoishi miaka mingi hugeuka ahadi hata kama haikuandikwa.

Na sisi tunaoandika Kiswahili tuko wapi katika haya? Kwa herufi za Kirumi tumeponea mengi. Hatuna nukta wala vistari juu ya herufi, na Kiswahili chote kinaenea katika ASCII. Kasoro ni mahali pamoja tu, na mahali hapo pana ng'ombe, ng'ambo na ng'oa.

Kipashio hicho cha ng' kinaandikwa kwa namna tatu katika mafaili yetu. Kuna alama iliyonyooka ya kibodi, baiti moja. Kuna alama iliyopinda, U+2019, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe mwandishi akiwa hana habari. Katika UTF-8 ni baiti tatu. Na katika mafaili ya zamani ya Windows alama hiyo iliyopinda ni baiti moja, 0x92, ambayo kwa UTF-8 haikubaliki. Ukitafuta kwa alama iliyonyooka unazikosa zile mbili nyingine, na hakuna kinachokuonya. Ukitafuta neno maziwa katika faili la aina ya tatu, na mstari ukawa na maziwa ya ng'ombe, grep itakujibu kwamba hilo ni faili la mashine, na mistari iliyobaki hutaiona. Hapo ama utumie kiteuzi -a, kinachoiagiza grep ilisome faili kama maandishi, ama uligeuze usimbaji wa faili kwa programu ya iconv kwanza, na hilo la pili ndilo bora.

Mtu mjanja ataandika ng.ombe, nukta ikisimama mahali pa alama yoyote. Ni njia nzuri, ila ina mtego. Ushauri unaozunguka miaka mingi ni kwamba grep huenda kasi zaidi ukiweka mbele yake LC_ALL=C, yaani mpangilio wa lugha usiojua herufi za baiti nyingi. Katika mpangilio huo nukta ni baiti moja, si herufi moja. Alama iliyopinda ina baiti tatu, kwa hiyo ng.ombe haiipati. Mtafiti anayehesabu maneno katika magazeti ya miaka kumi, akiharakisha kazi kwa ushauri huo, atapata hesabu iliyopungua na inayopendeza kwa macho.

Kiteuzi -w, cha kutafuta neno zima, nacho hakitufai hapa. Kwa grep neno ni herufi, tarakimu na alama ya mstari wa chini. Alama ya ng' ni mpaka wa neno. Ukitafuta ng kwa -w utaletewa ng'ombe, kana kwamba ng ni neno na ombe ni jingine. Je, ni hitilafu? Kwa Kiswahili ndiyo, bila shaka yoyote. Lakini katika Kifaransa alama hiyohiyo hutenganisha maneno mawili kweli, kama katika l'homme, na anayetafuta homme kwa -w anataka alipate. Rekebisho linalotuponya sisi linamvunjia Mfaransa, kwa namna ileile ambayo Perú ilizivunja tarakimu. Unikodi ina alama ya tatu, U+02BC, inayohesabiwa kuwa herufi na si kituo, na kwa kanuni ndiyo ingetufaa. Kibodi tulizo nazo haziitoi kwa wepesi, na maandishi yote yaliyokwisha kuandikwa hayana.

Njia ninayoiona kuwa ya haki ni kuuachia mpangilio wa lugha uamue. Mifumo ya Linux tayari ina sw_TZ na sw_KE, na humo ndimo panapostahili kuandikwa kwamba alama iliyo baada ya ng ni sehemu ya neno. Ni kazi ya pande mbili, maktaba ya mfumo na grep, na itahitaji mtu wa kuifuatilia kwa muda mrefu. Jaribio la kwanza halihitaji kungoja hayo. Mistari mitatu, kila mmoja ukiwa na ng'ombe kwa alama yake, ruwaza moja, na majibu yanayotarajiwa chini ya sw_TZ.UTF-8: mwanafunzi yeyote wa Dodoma au Nairobi mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuliandika leo na kulipeleka kwa watunzaji, ambao kwa rekodi yao ya 2023 ni watu wanaosikiliza.